Kuchagua kamera ndogo ya dijitali ya bei nafuu: anza na mwanga utakaopigia picha

Mtu anayeingia dukani kutafuta kamera ndogo ya kupigia picha za kila siku huulizwa na muuzaji maswali mawili: ana kiasi gani cha fedha, na anataka megapikseli ngapi, yaani mamilioni mangapi ya nukta zinazounda picha. Swali la kwanza ni la haki. La pili humpotosha, kwa sababu humfanya aipime kamera kwa tarakimu iliyochapishwa kwenye boksi badala ya kuipima kwa kazi atakayoifanya. Swali ambalo lingemfaa zaidi ni hili: picha zako nyingi utazipigia wapi, na saa ngapi? Anayepiga picha za watoto uani saa nne asubuhi anaweza kuridhika na kamera yoyote iliyo nzima. Anayetaka picha za sebuleni usiku chini ya taa moja, za ukumbi wa harusi, au za barazani baada ya magharibi, anahitaji kamera ya namna nyingine kabisa, hata kama fedha aliyonayo ni ileile.

Nalisisitiza jambo hili kwa kuwa kamera yangu ya kwanza niliinunua kwa tarakimu. Ilikuwa mpya, nyembamba, imeandikwa megapikseli 16, na mchana ilitoa picha nzuri za kutosha. Usiku wa harusi ya binamu yangu ilitoa picha zilizojaa chengachenga, nyuso zimefifia, mikono ya wapiga ngoma imetikisika hadi haionekani ni mikono. Harusi ile haiwezi kurudiwa, na wazee wawili waliokaa mstari wa mbele siku ile hawapo tena duniani.

Kabla ya kutoa fedha, jiulize kama simu uliyonayo haitoshi. Simu janja za miaka ya karibuni hupiga picha kadhaa kwa mpigo mmoja na kuziunganisha kwa programu ziwe moja, na kwa picha ya mtu aliyekaa karibu nawe, katika mwanga wa wastani, nyingi huzishinda kamera ndogo za bei ya chini. Hilo ndilo lililoliangusha soko la kamera hizi: mwaka 2010 makampuni ya Japani yalipeleka sokoni duniani kote zaidi ya kamera ndogo milioni 100, kisha idadi ikaporomoka mwaka baada ya mwaka, hata Casio ikaacha kuzitengeneza mwaka 2018. Kamera ndogo imebakiwa na sifa tatu ambazo simu ya bei ya kawaida haina. Lenzi yake huvuta kitu cha mbali kwa vioo vinavyosogea, si kwa kukata kipande cha picha na kukikuza. Flashi yake ni ya gesi ya zenoni, ambayo humulika kwa nguvu kubwa katika muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, kiasi kwamba mtoto anayekimbia huonekana ametulia, ilhali taa ndogo ya simu haina uwezo huo. Na ya tatu, ambayo watu huidharau, ni kwamba kamera si simu. Unaweza kumkabidhi mtoto wa miaka minane au bibi yake bila kumkabidhi pamoja nayo ujumbe wako na M-Pesa yako. Ikiwa katika sifa hizi tatu hakuna hata moja unayoihitaji, tunza fedha zako na ujifunze kuitumia vizuri simu uliyonayo.

Kihisi na lenzi

Nyuma ya lenzi kuna kipande kidogo kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Tukiite kihisi. Ukubwa wake ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa picha za usiku zitakuwaje, na wala hauandikwi mbele ya boksi. Vipimo vyake vimerithiwa kutoka kwenye mirija ya kamera za televisheni za zamani, kwa hiyo majina yake hayalingani na urefu wowote unaoweza kuupima kwa rula. Kihisi kinachoitwa cha inchi 1/2.3, ambacho ndicho kilichomo katika kamera nyingi za bei ya chini, kina upana wa takriban milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6. Kinachoitwa cha inchi 1/1.7 kina milimita 7.6 kwa 5.7. Kinachoitwa cha inchi 1 kina milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni kama mara nne ya lile la kwanza.

Ukitandaza uani mkeka mdogo na mkeka mkubwa kwenye jua moja, mkubwa utapokea jua jingi zaidi, ingawa jua ni lilelile. Kihisi nacho ni hivyo. Kilicho kidogo, kinapokosa mwanga wa kutosha, hulazimika kuikuza ishara dhaifu kilichonacho, na chengachenga nazo hukuzwa pamoja nayo. Kisha kamera hujaribu kuzifuta, na katika kuzifuta hufuta pia nywele, nyuzi za kitenge na mistari ya uso wa mzee. Kuongeza megapikseli kwenye kihisi kilekile kidogo ni kuugawanya mkeka uleule katika vipande vingi zaidi, jambo ambalo haliongezi jua hata chembe.

Megapikseli ngapi basi zinatosha? Picha ya kusafishwa studio kwa ukubwa wa inchi 4 kwa 6 huhitaji megapikseli zipatazo 2 tu ili itoke safi. Kamera ya megapikseli 10 hutoa picha yenye nukta 3648 kwa 2736, na hiyo inajaza karatasi ya A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi. Picha unayoituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa hadi chini ya hapo. Kwa hiyo ukiwekewa mbele kamera ya megapikseli 20 yenye kihisi kidogo na nyingine ya megapikseli 10 yenye kihisi kikubwa zaidi, bei ikiwa moja, chukua ya pili bila kusita.

Lenzi isome kwa macho yako mwenyewe, kwa kuwa maandishi yake yamo kwenye duara linalozunguka kioo cha mbele. Utakuta tarakimu mfano wa 1:2.0-4.9. Hizo ni kipimo cha uwazi ambao mwanga hupitia: tarakimu ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa. Tarakimu hizo huandikwa pia zikitanguliwa na herufi f, kama f/2. Lenzi ya f/2 huingiza mwanga mara mbili ya lenzi ya f/2.8, na mara nne ya lenzi ya f/4. Tarakimu ya kwanza ni ya lenzi ikiwa haijavutwa, na ya pili ni ikiwa imevutwa hadi mwisho, ndiyo maana karibu kamera zote ndogo hukosa mwanga unapovuta. Mpiga picha wa ndani ya nyumba anapaswa kutafuta lenzi inayoanzia f/2 au chini yake, na ajizoeze kusogea kwa miguu badala ya kuvuta.

Kuhusu uwezo wa kuvuta, wauzaji hupenda kutaja mara ishirini, mara thelathini, na kuendelea. Mvuto mrefu una faida kwa mtu anayependa ndege, michezo ya uwanjani au majahazi yaliyo mbali na ufuko, lakini ukivuta hivyo mkono wako hutikisika, mwanga hupungua, na joto linalopanda kutoka ardhini mchana huitetemesha picha. Kwa maisha ya nyumbani mvuto wa mara tatu hadi tano unatosha kabisa. Kinachohitajika zaidi, na kinachosahaulika, ni upana. Lenzi hulinganishwa kwa milimita za kamera za filamu: inayoanzia 24 au 28 inaweza kuwachukua watu wanane waliobanana kwenye kochi la sebule ndogo, ilhali kamera nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilianzia 35 hivi, na mpigaji alilazimika kujibana ukutani au kutoka mlangoni ndipo awapate wote. Kile kinachoitwa zumu ya dijitali kisikushawishi. Ni kukata picha na kuikuza, kazi ambayo unaweza kuifanya baadaye kwenye simu, kwa hiyo ukishanunua kamera ingia kwenye menyu ukizime.

Kanzu nyeupe, buibui jeusi

Kuna jambo ambalo miongozo mingi ya kamera hulipita kwa sababu haikuandikwa ikitufikiria sisi. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba mandhari iliyo mbele yake, ikichanganywa yote pamoja, ina weupe wa wastani kama kijivu. Msimamishe babu aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, saa sita mchana: kamera itaona weupe mwingi, itadhani mwanga umezidi, na itaupunguza. Kanzu itakuwa ya kijivu na uso wa babu, ambao tangu awali ni mweusi kuliko vyote vilivyo kwenye picha, utazama gizani. Wapige akina mama sita waliovaa mabuibui meusi mbele ya mlango wa mbao, na kosa litageuka: kamera itaongeza mwanga kupita kiasi na nyuso zitapauka.

Dawa yake ni kitufe au kipengele chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ambacho humwezesha mpigaji kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga kuliko ilivyodhani. Kwa babu wa kanzu ongeza hatua moja (+1) hadi moja na nusu. Kwa mabuibui punguza theluthi mbili ya hatua au hatua nzima. Karibu kila kamera inacho kipengele hiki, ila katika baadhi kimefichwa ndani ya menyu, na kitu kinachohitaji kubonyezwa mara sita hakitatumika wakati watu wamesimama juani wakikusubiri. Dukani mwombe muuzaji akuonyeshe kilipo, uhesabu mibonyezo. Mimi kamera isiyoniruhusu kukifikia kwa mibonyezo miwili siinunui, hata ikipunguzwa bei kwa nusu.

Jambo la pili la kujaribu hapo hapo ni flashi ya mchana. Mtu akisimama na jua likiwa nyuma yake, au chini ya kivuli cha mwembe huku nyuma kukiwa na uwanja unaong'aa, uso wake utakuwa mweusi usiosomeka. Flashi ikilazimishwa kuwaka, yaani ikiwekwa kwenye alama ya radi peke yake bila herufi A, huurudisha uso huo bila kuiharibu mandhari. Hakikisha kamera inakuruhusu kuilazimisha, na isiwe inaamua yenyewe tu.

Gharama zinazokuja baada ya kamera

Kamera inayouzwa bei ya kutupa mara nyingi imekosa kitu, na kitu hicho ndicho ghali. Anza na kadi ya kuhifadhia picha. Olympus na Fujifilm kwa miaka kadhaa walitumia kadi ndogo za xD, na Sony walitumia Memory Stick zao. Kadi hizo siku hizi ni za kutafuta kwa tochi, na anayezipata hukuta bei yake haina uwiano na nafasi iliyomo. Chagua kamera inayotumia kadi ya SD. Lakini hata SD zina vizazi vyake: kamera zilizotoka kabla ya mwaka 2006 kwa kawaida hazisomi kadi inayozidi GB 2, zilizofuata husoma hadi GB 32, na kadi za GB 64 kwenda juu huhitaji kamera za tangu mwaka 2009 au 2010 hivi. Watu wengi wameirudisha dukani kamera nzima kabisa wakidhani imekufa, kumbe kadi ndiyo kubwa mno kwake. Kwa picha za kila siku kadi halisi ya GB 16 au 32 inatosha, nami nasema halisi kwa makusudi, kwa sababu kadi bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko zilizo nayo zimejaa mitaani. Zikifika ukomo wake wa kweli huendelea kukubali picha na kuzipoteza kimyakimya. Kadi mpya usiipeleke kwenye shughuli kabla hujaijaza nyumbani kwa video na kuzifungua zote hadi ya mwisho.

Betri ni suala zito zaidi. Kamera nyingi ndogo hutumia betri maalumu ya lithiamu yenye jina lake, na jina hilo ndilo utakaloulizia kwa miaka yote utakayoitumia kamera. Canon S90 na S95 hutumia NB-6L, S110 hutumia NB-5L, na Sony RX100 hutumia NP-BX1. Kabla ya kulipa, piga simu au tembea maduka mawili matatu ukiulizia betri ya jina hilo. Usipoipata katika mji unaoishi, kamera hiyo ina umri wa betri moja tu. Betri za zamani huvimba, na iliyovimba isilazimishwe kuingia wala isichajiwe. Mtu anayeishi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara na maduka ya kamera yako mbali atafaidika na kamera za aina ya zamani zinazotumia betri mbili za AA, kama zilivyokuwa nyingi za mfululizo wa Canon PowerShot A. Ni nene, haziingii vizuri mfukoni, lakini ukiwa na betri nne za AA za kuchaji, mbili ndani na mbili akiba, hutakwama. Zile za kawaida za redio huisha baada ya picha chache, nazo ni hasara.

Chaja ichunguze kibandiko chake. Ikiandikwa 100-240V unahitaji tu plagi ya kugeuzia, lakini ikiandikwa 100V pekee au 120V pekee, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza. Kamera inayochajiwa kwa waya wa USB, kama RX100, inakuondolea wasiwasi huu, kwa kuwa inakubali chaja ya simu na hata benki ya umeme (power bank). Hatimaye ulizia namna ya kuzihamishia picha kwenye simu. Huhitaji kamera yenye Wi-Fi, maana programu za simu za kamera za zamani mara nyingi zimeachwa bila kuhudumiwa. Kisomea kadi kidogo kinachochomekwa kwenye simu hufanya kazi hiyo haraka na kwa bei ndogo.

Kuikagua iliyotumika

Kwa bajeti ya kawaida, kamera bora utakayoipata itakuwa imetumika, iwe ni ya dukani Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, au ya ndugu aliyekuja nayo kutoka Muscat. Nenda mchana, nenda na kadi yako, na mwambie muuzaji mapema kwamba utahitaji nusu saa. Anayekuharakisha mwachie kamera yake.

Iwashe na kuizima mara kumi. Lenzi inapotoka na kurudi isikilize: mlio uwe laini na wa namna moja. Ikikwaruza, ikisita, au ikikuonyesha ujumbe wa hitilafu ya lenzi hata mara moja, iache, kwa sababu chembe moja ya mchanga wa pwani ndani ya mirija ile inayoingiliana huweza kuimaliza, na gharama ya kuitengeneza mara nyingi hulingana na bei ya kamera nyingine. Vuta hadi mwisho, rudisha, piga picha katika kila hatua. Kisha washa tochi ya simu na uimulike lenzi kwa pembeni ukiichungulia. Vumbi kidogo halina neno. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zinazotapakaa kama mizizi au utando wa buibui: hiyo ni kuvu, inayoota kwenye vioo vilivyohifadhiwa kabatini katika unyevunyevu, nayo sisi tunaoishi karibu na bahari tunaifahamu. Kuvu ikishaingia ndani ya lenzi ya kamera ndogo haifai kuhangaika nayo.

Piga picha ya mbingu isiyo na mawingu au ya ukuta mweupe, uikuze kwenye kioo na uipitie pembe hadi pembe. Madoa meusi yanayobaki mahali palepale katika kila picha ni uchafu uliotua juu ya kihisi, na katika kamera ambayo lenzi yake haiwezi kubanduliwa, kuusafisha ni kazi ya fundi anayeifungua yote. Funika lenzi kwa kiganja na upige: nukta mbili tatu za rangi gizani zinavumilika, mstari mzima haukubaliki. Fungua mlango wa betri uangalie kama vyuma vina kutu ya kijani na kama kifungio kinakaza. Bonyeza kila kitufe. Washa flashi na uhesabu inachukua sekunde ngapi kuwa tayari tena. Bonyeza kitufe cha kupigia nusu, usubiri kijisanduku kigeuke kijani, kisha malizia. Ikichukua zaidi ya sekunde moja kulenga mtu aliye kwenye mwanga mzuri, itakukosesha picha za watoto.

Kamera za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina hatari yake maalumu. Mwishoni mwa mwaka 2005 makampuni kadhaa ya Japani, yakiwemo Canon, Nikon na Fujifilm, yalitangaza kwamba baadhi ya kamera zao zilikuwa na vihisi, vilivyotengenezwa na Sony, ambavyo nyaya zake za ndani ziliweza kuachana vikikaa kwenye joto na unyevu. Dalili yake ni picha nyeusi tupu au zenye rangi za ajabu na mistari iliyopinda. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Tanga, Mombasa na Unguja mwaka mzima, na huduma ya kubadilishiwa vihisi hivyo ilikwisha zamani, kwa hiyo kamera ya umri huo iwashe, uiache iwake kwa dakika kumi ikipata joto, ndipo uamue.

Ikiwa kamera imetoka Japani, fungua kwanza menyu ya lugha. Sony zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina menyu ya Kijapani peke yake na haibadilishiki. Ukipenda video, rekodi sekunde kumi chini ya taa ya tyubu: taa zetu hupigapiga mara 100 kwa sekunde kufuatana na umeme wa hezi 50, na kamera iliyopangwa kwa nchi za hezi 60 inaweza kukuonyesha mistari inayotembea. Tazama pia kama ndani yake kumebaki picha za familia usiyoifahamu. Muuzaji asipoweza kueleza alivyoipata, ondoka, kwa maana huenda kuna mtu anayezililia picha hizo. Dai risiti yenye namba ya kamera na siku za majaribio zilizoandikwa kwa mkono, angalau tatu.

Zile ambazo ningezitafuta

Ukiniuliza jina, nitakutajia kwanza Canon S95 ya mwaka 2010 au ndugu yake S90 ya mwaka 2009. Zina megapikseli 10, kihisi cha inchi 1/1.7, lenzi inayoanzia 28 kwa f/2, na duara la kuzungusha linaloizunguka lenzi, linaloweza kupangiwa kazi ya kuongeza na kupunguza mwanga, kazi ile ile ya kanzu na buibui. S110 na S120 zilizofuata ni nzuri pia. S100, iliyo katikati ya S95 na S110, ninairuka, kwa sababu Canon wenyewe walitangaza kuwa baadhi yake zina hitilafu ya lenzi. Panasonic LX7 ya mwaka 2012 ina lenzi ya f/1.4, angavu kuliko zote hizi, ila ni nene kidogo na kofia ya lenzi yake hufunguliwa kwa mkono. Mwenye uwezo zaidi aitafute Sony RX100 ya kwanza, iliyotoka mwaka 2012 kwa takriban dola 650 ikiwa na kihisi cha inchi 1 na megapikseli 20. Matoleo yaliyofuata yamebeba namba za Kirumi na bei za juu, na picha za mchana kutoka kwayo hutofautiana kidogo sana na za ile ya kwanza.

Anayetaka kitu kipya chenye dhamana, hasa kwa ajili ya mtoto au mzee, atakutana na Kodak PIXPRO FZ55 yenye megapikseli 16 na mvuto wa mara tano, au na mifano ya Canon IXUS. Ni kamera za mchana na za flashi. Zichukue ukijua hivyo, nazo hazitakuvunja moyo.

Nikuonye kuhusu mtindo. Miaka ya karibuni vijana sehemu nyingi za dunia wamezipenda tena kamera za miaka ya 2000 kwa ajili ya rangi zake, na wauzaji wameliona hilo. Kamera ambayo ingeweza kupatikana kwa bei ya mlo wa familia sasa inapandishwa kwa neno CCD peke yake. CCD ni aina ya kihisi cha zamani. Haitoi rangi ambayo huwezi kuipata kwingine, na gizani huzidiwa kwa mbali na vihisi vipya zaidi. Bei ikipanda kwa sababu ya neno hilo, nenda duka linalofuata.

Ukishafika nyumbani, weka tarehe na saa kabla ya picha ya kwanza, kwani miaka kumi baadaye hiyo ndiyo itakayokuambia mtoto alikuwa na umri gani. Kisha, katika zile siku za majaribio, mpige mtu mmoja yuleyule mahali pane: uani asubuhi, dirishani saa tisa mchana flashi ikiwa imezimwa, barazani jua likizama, na sebuleni usiku chini ya taa mnayoitumia siku zote. Peleka picha hizo nne studio ukazisafishe kwa inchi 4 kwa 6, kwa kuwa kioo kidogo cha kamera huficha makosa ambayo karatasi huyaonyesha. Zipange mezani, umwite na huyo uliyempiga. Akijitambua vizuri katika ile ya usiku, nunua betri ya pili. Asipojitambua, na ile ndiyo saa unayopigia picha zako nyingi, irudishe kamera pamoja na risiti kabla siku hazijaisha.